Kuliimbisha gitaa juu ya kodi zinazobadilika

Neno jazi lina maana mbili kwetu, na ni vizuri kuzitenganisha mapema. Tunapotaja Morogoro Jazz, Tabora Jazz au Western Jazz tunamaanisha bendi za dansi, ambamo gitaa la solo lilichezea juu ya kodi mbili au tatu (kodi ni noti kadhaa zinazolia kwa pamoja) zilizorudi zilezile kwa dakika nyingi. Jazi iliyozaliwa Marekani ina desturi nyingine. Wapigaji huchukua wimbo wa zamani unaojulikana na wote, ambao huitwa standadi, wakaupiga mara moja kama ulivyotungwa, kisha kila mmoja kwa zamu akatunga papo hapo sauti yake juu ya kodi za wimbo uleule, duru baada ya duru. Kodi hizo hubadilika karibu kila baada ya mapigo manne, na mpiga solo wa dansi anayekutana nazo kwa mara ya kwanza hujikuta kidole chake kiko kwenye kodi ambayo wenzake wamekwisha kuiacha.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mpigaji huyo, hasa aliyeko hapa Dodoma, ambapo wengi wetu tulijifunza muziki ama katika kwaya ya kanisa ama katika bendi ya dansi, na baadhi yetu kote kuwili. Nimeamini kwa miaka mingi kwamba mafunzo hayo mawili yanatosha kuanzia. Mwenye kuimba sauti ya pili katika kwaya anajua tayari namna ya kusogea kutoka kodi moja hadi nyingine kwa hatua ndogo kabisa bila kuruka ovyo, na mpiga solo wa dansi anajua tayari namna ya kushika kifungu kifupi cha noti na kukirudia mpaka msikilizaji akikumbuke. Solo inayoimba imejengwa kwa vitu hivyo viwili, na mengine yote ni mapambo juu yake.

Mimi mwenyewe nilichelewa kuliona hilo. Nilikariri skeli, yaani ngazi za noti zinazofuatana, kwa miezi mingi, nikawa ninazipanda na kuzishuka kwa kasi, na siku niliyopiga standadi mbele ya watu kwa mara ya kwanza nilijaza kila pigo kwa noti. Nilipoisikiliza rekodi nyumbani sikuweza kuimba hata sehemu moja ya nilichokuwa nimekipiga. Kuanzia hapo nilijiwekea kipimo kimoja, ambacho bado ninakitumia: ikiwa siwezi kukiimba kifungu kwa mdomo, sina haki ya kukipiga.

Wimbo wa kujifunzia

Chukua Autumn Leaves. Sauti yake ilitungwa na Joseph Kosma mwaka 1945, ikapata maneno ya Kifaransa na baadaye ya Kiingereza, na leo ni nadra kumkuta mpiga jazi asiyeijua. Ina vipimo 32 vya mapigo manne manne. Tutaipiga katika E maina, yaani ufunguo wa maina (minor) unaotulia kwenye noti E, kwa sababu nyuzi za gitaa zilizo wazi zinaikaribisha. Vipimo vinane vya kwanza, ambavyo hurudiwa mara mbili, vina kodi hizi, kila moja kipimo kimoja isipokuwa ya mwisho yenye viwili: Am7, D7, Gmaj7, Cmaj7, F#m7b5, B7, Em. Katika majina hayo m ni maina, maj ni meja, 7 husema noti ya saba imeongezwa, na # hupandisha noti nusu hatua, yaani freti moja ya gitaa; noti za kodi huhesabiwa kuanzia ile inayoipa jina. Alama ya b5 ina maana kwamba noti ya tano ya kodi imeshushwa nusu hatua, kwa hiyo F#m7b5 ina noti F#, A, C na E.

Kabla ya kushika gitaa, sikiliza rekodi kadhaa za wimbo huo, za waimbaji kwanza na za wapiga ala baadaye, mpaka uweze kuuimba wote bila msaada. Hatua hii hurukwa na karibu kila mwanafunzi, nami ninaiona kuwa kubwa kuliko zote, kwa kuwa mtu anayeubeba wimbo kichwani hapotei hata akinyamaza vipimo vinne vizima katikati ya solo yake. Ukiuimba polepole utagundua pia jambo ambalo mtungaji amelificha mahali pa wazi. Noti ndefu za sehemu ya kwanza, zile ambazo sauti hutulia juu yake, ni C, kisha B, kisha A, kisha G. Nazo zinaangukia Am7, Gmaj7, F#m7b5 na Em, na kila moja ni noti ya tatu ya kodi yake. Wimbo wenyewe, kwa maneno mengine, umekwisha kukuonyesha njia ya kupita.

Sauti ya pili ya kwaya

Katika kodi yoyote yenye noti nne, ya kwanza huwa mikononi mwa besi na ya tano haisemi mengi. Zinazoitambulisha kodi ni ya tatu na ya saba. Ya tatu husema kama kodi ni meja au maina, na ya saba husema inataka kutulia au inataka kwenda mahali. Ukizipata hizo mbili kwa kila kodi, msikilizaji atasikia kodi zinabadilika hata kama hakuna mtu mwingine anayepiga.

Hapa ndipo solfa ya kwaya, ile ya kuziita noti do, re, mi, inapotusaidia. Weka do kuwa G. Sauti ya chini, inayopita kwenye noti za tatu na za saba kwa kupokezana, ni hii: fa, fa, mi, mi, re, re, do. Sauti ya juu ni: do, ti, ti, la, la, se, la. Mwanakwaya yeyote anaweza kuziimba mara moja, na atatambua kwamba ni aina ileile ya sauti ambayo waimbaji wa sauti ya pili na ya tatu hupewa kila Jumapili: inakaa palepale inapowezekana, na inapolazimika kuhama inahamia kwa jirani. Ile se, yaani so iliyopandishwa nusu, ni D#, noti ya tatu ya B7, na ndiyo noti pekee ya kodi za vipimo hivi vinane isiyokuwamo katika skeli ya G meja.

Sasa zipeleke kwenye gitaa, ukihesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba. Sauti ya chini iko yote kwenye uzi wa tatu: freti ya 5 kwa Am7 na D7, freti ya 4 kwa Gmaj7 na Cmaj7, freti ya 2 kwa F#m7b5 na B7, kisha uzi mtupu, usiobanwa, kwa Em. Sauti ya juu iko kwenye uzi wa pili: freti ya 8 kwa Am7, ya 7 kwa D7 na Gmaj7, ya 5 kwa Cmaj7 na F#m7b5, ya 4 kwa B7, na kurudi ya 5 kwa Em. Piga kila sauti peke yake huku ukiiimba, kisha zipige zote mbili kwa pamoja, polepole sana, mapigo 60 kwa dakika. Kwa mwendo huo kila kipimo kinachukua sekunde 4 na wimbo mzima unachukua dakika 2 na sekunde 8, muda wa kutosha kusikia kila badiliko linavyogusa. Usiendelee mbele mpaka uweze kuimba sauti moja huku ukipiga nyingine. Inaweza kuchukua wiki mbili, na wiki hizo mbili hazipotei.

Kifungu kinachorudi

Mpiga solo wa dansi aliyezoea kurudia kifungu kilekile juu ya kodi mbili anaweza kufikiri kwamba kodi zinazokimbia zimemnyang'anya silaha yake. Hazijamnyang'anya, zimemtaka aisogeze tu. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, alikuwa na uwezo mkubwa wa kushika wazo moja dogo kwenye gitaa na kuligeuza geuza, na masikio yetu yamelelewa na upigaji wa namna hiyo. Katika standadi tunafanya jambo hilohilo, ila wazo linashuka ngazi kila kodi zinaposhuka.

Jaribu kifungu cha noti tatu zinazoshuka, mbili kwenye pigo la tatu na la nne la kipimo, na ya tatu kwenye pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Anza kabla ya Am7: E, D, kisha utue C. Kipimo cha D7 kikishaanza, kwenye pigo lake la tatu, piga D, C, kisha utue B juu ya Gmaj7. Mwishoni mwa Cmaj7 piga C, B, utue A juu ya F#m7b5. Mwishoni mwa B7 piga B, A, utue G juu ya Em. Ni kifungu kimoja kinachoshuka ngazi mara tatu, na chote kinapatikana kwenye uzi wa tatu peke yake, kuanzia freti ya 9 hadi uzi mtupu. Kinakaa vizuri kwa sababu kila mara noti ya kwanza na ya pili ni ya kwanza na ya saba ya kodi inayoondoka, na noti ya kutulia ni ya tatu ya kodi inayoingia. Hakuna bahati hapo. Kodi zinasogea kwa mpangilio, na kifungu kinafuata mpangilio huo.

Kikishakuwa rahisi, kipe mwitikio. Ulipotua C juu ya Am7, subiri pigo la nne, piga G kwenye uzi wa pili, kisha F# kwenye pigo la kwanza la D7, ndipo urudi chini kwa D, C na B. Juu ya Gmaj7 fanya hivyohivyo kwa F# na E, ukirudi kwa C, B na A, na juu ya F#m7b5 kwa E na D#, ukirudi kwa B, A na G. Sauti ya chini inaita, ya juu inaitikia, kama ilivyo katika nyimbo nyingi za kwetu. Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu wa Dodoma aliyeishi kati ya 1938 na 2003, alijulikana duniani kwa kuimba huku akipiga zeze na marimba, na ninamshauri kila mpiga gitaa amsikilize kwa ajili ya jambo moja tu: namna ala yake na koo lake zilivyopeana nafasi. Muziki wake ni wa Wagogo na haukuwa jazi, lakini ule mpeano ndio tunaoutafuta.

Kwa muda fulani solo yako itakuwa na noti hizi tu, nawe utaiona kuwa masikini. Ivumilie. Badilisha kwanza mapigo kabla ya kubadilisha noti: chelewesha noti ya kutulia kwa nusu pigo, au itangulize kwa nusu pigo, irudie mara mbili, au iache kabisa na kumwachia msikilizaji aimalizie kichwani. Kifungu cha noti tatu kina maisha marefu mikononi mwa mtu mwenye subira. Jim Hall, mmoja wa wapiga gitaa wa Marekani waliolichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa, alijenga solo nzima kwa mawazo machache na kimya kingi, na rekodi zake zinafaa kusikilizwa pole pole, usiku, kwa sauti ya chini.

Pumzi, mapigo na mapambo

Mpiga tarumbeta hulazimika kuvuta pumzi, mpiga gitaa halazimiki, na ndiyo sababu wengi wetu hatunyamazi. Jilazimishe. Toa pumzi polepole mdomoni wakati unapiga, na pumzi ikiisha, mkono usimame. Utajikuta unapiga vifungu vya vipimo viwili na kunyamaza kipimo kimoja, kiasi ambacho sikio la binadamu hukipokea bila taabu kwa kuwa ndicho kiasi cha sentensi inayotamkwa.

Mapigo ya jazi hii nayo yana lafudhi yake. Pigo moja likigawanywa mara mbili, nusu ya kwanza huwa ndefu kidogo kuliko ya pili, na uzito wa wanaosindikiza huangukia pigo la pili na la nne. Weka programu ya kuhesabu mapigo kwenye simu iwe 60 kwa dakika, lakini uchukulie kwamba milio hiyo ni pigo la pili na la nne la mwendo wa 120. Mwanzoni utapotea mara nyingi. Piga makofi pamoja na milio huku ukiimba wimbo, bila gitaa, mpaka mwili uzoee.

Mapambo yanakuja baada ya hayo. Lenye faida kuliko yote ni kuizunguka noti ya kutulia: kama unakwenda B, piga kwanza C iliyo juu yake, kisha A# iliyo nusu hatua chini yake, ndipo uingie B kwenye pigo zito. Ile A# si ya kodi yoyote tuliyoitumia mpaka hapa, lakini kwa kuwa inapita haraka na kufika salama, sikio huipokea kwa furaha. Unaweza pia kuteleza kutoka freti moja chini ya noti unayoiendea, ukiigusa ile ya kwanza kwa wepesi kama mwimbaji anayeingia kwenye neno kutokea chini. Skeli ukiihitaji, tumia noti za G meja katika vipimo vyote, na badilisha D kuwa D# mara tu B7 inapoingia, kisha urudishe. Watu hutumia miaka kukariri skeli tofauti kwa kila kodi, nami sioni faida ya mzigo huo kwa mtu ambaye hajaweza bado kuisikia hiyo D# inapokuja.

Sehemu ya pili ya wimbo inaanza na F#m7b5, B7 na Em, kisha inarudi kwenye Am7, D7 na Gmaj7, kwa hiyo ni vifungu vilevile kwa mpangilio mwingine. Ugumu uko katika vipimo vinane vya mwisho, ambapo wapigaji wengi huingiza kodi nne ndani ya vipimo viwili, Em7, Eb7, Dm7 na Db7, kabla ya kushukia Cmaj7. Mwanafunzi huogopa hapo na kuanza kukimbizana na kila kodi. Usikimbizane nazo. Noti ya tatu ya Em7 ni G, na ya Eb7 ni G hiyohiyo. Ya Dm7 ni F, na ya Db7 ni F hiyohiyo. Ya Cmaj7 ni E. Shika G kipimo kizima, F kipimo kizima, kisha utue E. Noti tatu ndefu, wakati kodi zote zinateremka chini yake, zinagusa moyo kuliko noti 20 za haraka, na ile F isiyokuwa ya skeli ndiyo inayoleta uchungu mtamu wa mahali pale.

Kuhusu sauti ya chombo chenyewe nitasema machache. Gitaa la umeme litumie pikapu (kinasa mlio wa nyuzi) iliyo karibu na shingo, na kitufe cha toni kipunguzwe mpaka makali yaishe. Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, aliacha pleki (kibapa cha kupigia nyuzi) kabisa, akapiga kwa dole gumba, na ukijaribu hivyo utaona noti zinavyokuwa nene na mwendo wako unavyopungua wenyewe, jambo lenye manufaa kwa anayejifunza. Umeme ukikatika, gitaa la mbao linatosha. Ila lichunge katika miezi ya kiangazi, kwa kuwa hewa ya Dodoma huwa kavu kiasi cha mbao kunywea na ncha za freti zikaanza kutokeza na kukwaruza mkono. Sifongo lililoloanishwa na kukamuliwa, likawekwa ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa na kufungiwa pamoja na gitaa kwenye begi lake, hupunguza tatizo hilo.

Kwa mazoezi ya kila siku huhitaji bendi. Rekodi kwenye simu duru nne za kodi, ukipiga kwa utulivu na bila mbwembwe, kisha pigia solo juu yake. Duru ya kwanza piga wimbo kama ulivyo, ya pili piga wimbo ukibadilisha mapigo tu, ya tatu tumia kifungu kimoja na mwitikio wake, na ya nne jiachie. Rekodi pia solo yenyewe kwa simu ya mtu mwingine, isikilize kesho yake na si siku hiyohiyo, na uifanyie kazi kama mkulima wa Hombolo, hapa Dodoma, anavyoipogoa mizabibu yake: andika ni wapi noti ingeweza kuondolewa bila wimbo kuumia, kisha ipige tena bila noti hizo. Ukiweza, cheza na mwimbaji kutoka kwenye kwaya yako, yeye aimbe sauti ya wimbo kwa silabi tupu nawe umjibu pale tu anapovuta pumzi.

Vifungu hivi vikikukaa mkononi katika E maina, vihamishie G maina, ambayo wapiga saksafoni na tarumbeta huipenda zaidi kwa wimbo huu na ambayo utaikuta ukialikwa kupiga nao. Kila freti niliyoitaja ongeza 3: sauti ya chini iliyoanzia freti ya 5 sasa inaanzia ya 8, na Em iliyokuwa kwenye uzi mtupu inakuwa Gm kwenye freti ya 3. Solfa haibadiliki hata kidogo. Do imehamia Bb, na wewe unaendelea kuimba fa, fa, mi, mi, re, re, do.